Shule yetu ya kata haina intaneti na wazazi wako tayari kuchanga. Tununue nini?

*"Ninafundisha hisabati na kompyuta katika shule ya kata mkoani Rukwa, bondeni, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi kutoka wilayani. Tuna wanafunzi 412, kompyuta mpakato 20 za msaada na umeme wa sola. Darasani simu haishiki kabisa. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba za walimu inashika, na 4G huja na kuondoka. Wenzetu wa mjini wanasoma kwa YouTube na wana makundi ya WhatsApp ya pasti pepa, sisi tunaandika maswali ubaoni. Kikao cha wazazi kimekubali kuchanga shilingi milioni moja na nusu. Mkuu wa shule anataka dishi la setilaiti, kuna mtu anasema anaweza kulileta kutoka Kenya. Mwenyekiti wa bodi anataka rauta na bando la mwezi. Mimi naogopa pesa itaisha ndani ya miezi mitatu turudi tulipokuwa, na wazazi wasituamini tena. Lakini naogopa pia kwamba bila intaneti wanafunzi wangu wameshaachwa. Nishauri."*

Mwalimu, pole na kazi. Umeandika hofu mbili, na naona kila moja inakuvuta upande wake: kwamba mtanunua kitu kitakachokufa kabla ya muhula kuisha, na kwamba msiponunua chochote watoto wataachwa. Hofu ya kwanza ni ya haki kabisa. Makabati ya shule zetu yamejaa rauta zilizokwisha bando. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo haupo pale ambapo watu wengi huutafuta. Nianze na hiyo.

Kwenye vikao vya wazazi inaaminika kwamba intaneti ikifika, ufaulu utapanda. Peru walijaribu jambo la jirani na hilo kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikia. Serikali yao iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child kwa watoto wa vijijini, na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia shule za msingi 319. Tathmini iliyotoka mwaka 2012 ilionyesha kwamba baada ya kama miezi 15, alama za hisabati na lugha hazikutofautiana na za shule ambazo hazikupewa kitu. Utaniambia hao walikosa intaneti, na ni kweli, shule nyingi hazikuwa nayo. Watafiti nao waliliona hilo, wakaenda mjini Lima wakawapa watoto kompyuta pamoja na intaneti ya bure nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakubadilisha hadithi: watoto walikuwa hodari zaidi wa kutumia kompyuta, hisabati na kusoma vikabaki vilipokuwa.

Sikwambii haya ili ukawakatishe wazazi tamaa. Mwanafunzi wa mjini unayejilinganisha naye ana vitu vingi zaidi ya bando. Ana mwalimu wa fizikia, ana tuisheni, ana kitabu asichogombania na wenzake watano, pengine ana mzazi anayeweza kumkagulia daftari. Bando ndilo linaloonekana. Ukilitoa peke yake ukalipeleka bondeni, hivyo vingine haviji nalo. Na kuna jambo unalolijua wewe kuliko mimi: mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kiko kwa Kiingereza. Video ya mwalimu wa ng'ambo anayeeleza logarithimu kwa kasi ya mtangazaji wa mpira haitamfaa mpaka mtu amsimamishie, amrudishie nyuma na kumweleza kwa maneno anayoyaelewa. Mtu huyo ni wewe, iwe kuna intaneti au hakuna.

Sasa niseme ni wapi kukosa intaneti kunawaumiza kweli. Ni zile siku ambazo mlango unafunguliwa kwa muda mfupi kisha unafungwa, na mlango wenyewe uko mtandaoni. Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwanzoni mwa mwaka, wahitimu wakiwa makwao, wengine shambani. TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mhitimu aweze kubadilisha tahasusi au chuo alichokuwa amekichagua kabla hajajua atapata nini. Kijana aliyejaza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) halafu akaanguka kemia na kufaulu vizuri historia, asipoingia humo kurekebisha, anapangiwa kwa machaguo ya mtu ambaye hayupo tena. Hata kama shule yako inaishia kidato cha nne, wanafunzi wako wakimaliza cha sita watakutana na maombi ya vyuo na ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, yote ya mtandaoni, na kabla ya mkopo kuna kuhakikiwa cheti cha kuzaliwa na RITA, wakala wa vizazi na vifo, nako ni mtandaoni. Kijana wa mjini hufanya haya akiwa amelala kitandani. Wa kwako anapanda basi, analala kwa ndugu, anamlipa mtu wa steshenari amjazie, na nywila yake inabaki kwenye daftari la steshenari. Siku za mwisho mifumo huelemewa. Ikikwama siku hiyo, anarudi nyumbani ameshatumia nauli na hana alichopata.

Hapo ndipo watoto wanapoachwa, Mwalimu, na wanaoachwa hapo ni wale ambao wameshafaulu. Lakini tazama ukubwa wa kazi yenyewe: fomu moja na picha za vyeti ni megabaiti chache tu. Kilima chenu kinatosha. Kama una kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu, nacho kinatosha. Kinachokosekana ni utaratibu. Kabla kidato cha nne hawajafanya mtihani wa mwisho, kila mmoja awe ameangalia kama jina la cheti cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na jina alilosajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, maana tofauti ya herufi moja huja kumtesa miaka miwili baadaye. Awe ametengeneza barua pepe, na nywila aiandike yeye mahali pake. Wewe usiikusanye hata akikuomba umtunzie. Awe ameacha namba ya simu moja inayopatikana nyumbani, hata kama ni kiswaswadu cha jirani. Picha za kurasa za Selform zipige mapema, uziweke kwenye zile kompyuta 20 na wafanye mazoezi ya kujaza. Mfumo ukifunguliwa, shule itume ujumbe mfupi kwa namba zile na kutangaza siku ambazo mwalimu atakuwa kilimani na kifaa chenye chaji. Matokeo yenyewe wala hayahitaji intaneti: mwenye simu ya batani anaweza kupiga *152*00# na kufuata menyu ya elimu.

Haya ningeyafanya kabla ya kununua kifaa chochote. Hayagusi ile milioni moja na nusu.

Tuje kwenye vifaa. Rauta haitengenezi mtandao. Inasikiliza mnara uleule ambao simu yako inausikiliza, kwa hiyo darasani ambako simu haishiki, rauta ya kawaida nayo itawasha taa nyekundu tu. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa kati yenu na mnara, bonde zima linabaki kwenye kivuli chake. Masafa ya chini, kama 700 au 800 MHz, hufika mbali zaidi na hujipinda kidogo kwenye kingo za milima. Ya juu, kama 1800 au 2100, hukatika upesi. Ndiyo maana laini ya kampuni moja hushika mahali ambapo ya nyingine imekufa, na kilichotofautiana ni masafa tu au upande ulipo mnara.

Halafu kuna vile vijiti vya mtandao juu ya kioo cha simu. Vinakueleza simu inausikiaje mnara, basi. Havikuelezi mnara umeunganishwaje na dunia. Minara mingi ya vijijini hurusha data kwa mawimbi hadi mnara mwingine, na huo hadi mwingine, mpaka ufikie mahali ambapo mkongo wa taifa, yaani nyaya kuu za intaneti, unapita. Kiungo kimoja chembamba katikati ya safari hiyo kikijaa, vijiti vinaweza kuwa vinne na ukurasa usifunguke. Kwa hiyo 4G yenu inayokuja na kuondoka ina maelezo mawili yanayowezekana. Ama mko ukingoni mwa eneo la mnara, simu inaipoteza 4G na kurudi 2G. Ama mnara mnausikia vizuri lakini kata nzima imeamka na iko kwenye WhatsApp. Antena nzuri inatibu la kwanza. La pili haliguswi na antena hata mkiipandisha juu ya mwembe.

Utayatofautisha kwa kupima. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa 4G, hasi 85 hadi hasi 95 ni nzuri. Ikipita hasi 110 ni dhaifu. Simama mahali palepale saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni na saa 2 usiku, kila mara andika namba hiyo na upakue faili lilelile ukihesabu sekunde. Fanya hivyo wiki nzima, kwa laini za kampuni zote zinazoshika. Namba ikibaki ileile halafu muda wa kupakua ukirefuka jioni, tatizo ni msongamano, na mkitumia asubuhi mtakuwa na mtandao mzuri kuliko mnavyodhani. Wape wanafunzi wa kidato cha tatu kazi hii, ni takwimu halali kabisa ya somo lako.

Sasa hesabu ambayo ningependa uipeleke kwenye kikao. Tuseme mmefanikiwa kufikisha darasani megabiti 4 kwa sekunde, kasi isiyo mbaya kwa kijijini. Wanafunzi 20 wanafungua kitabu kimoja cha MB 20. Kila kompyuta inakivuta kivyake, kwa hiyo ni MB 400 za bando na dakika zaidi ya 13, mtandao usipokatika. Kitabu hichohicho kikipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta moja ya hapo shuleni, ni MB 20 na chini ya dakika moja. Wengine wote wanakisoma kutoka kwenye kompyuta ile kupitia waifai ya ndani, bila bando, leo na mwaka kesho. Watu hushangaa kusikia hili: rauta isiyo na laini wala bando bado inaziunganisha kompyuta zenu zenyewe kwa zenyewe. Kuweka intaneti kwenye kila kompyuta kabla ya kuwa na hazina hiyo ni kama kila mwanakijiji kwenda mtoni na kikombe chake wakati pipa lipo.

Na hapo sijaitaja Windows. Kompyuta 20 zilizokaa mwaka mzima bila intaneti zikiuona mtandao kwa mara ya kwanza, kila moja itaanza kujisasisha kimyakimya kwa mamia ya megabaiti. Bando la mwezi la wazazi linaweza kuisha kabla hamjafungua tovuti hata moja. Mkija kuunganisha, kwanza nendeni kwenye mipangilio ya waifai ya kila kompyuta na kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo.

Maktaba hiyo ya ndani inajengwa hivi. Chukua mojawapo ya zile kompyuta 20, iliyo na nguvu kidogo kuliko nyingine, iwe seva, yaani ile inayohifadhi kila kitu na kuzigawia nyingine. Weka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa na Learning Equality mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Ndani yake unachagua unachotaka, yakiwemo masomo ya hisabati ya Khan Academy, mengine yakiwa kwa Kiswahili. Weka Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye diski. Ya Kiswahili ni ndogo, ya Kiingereza ukiichukua bila picha ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo nunueni diski ya nje isiyo ya kubahatisha. Ongeza majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado: kwa shule isiyo na maabara, mwanafunzi anaweza kujenga sakiti ya umeme na kuiunguza bila hasara. GeoGebra sina haja ya kukueleza, wewe ni mtu wa hisabati. Vitabu vya kiada vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Waulize wenyewe njia sahihi ya kuvitumia shuleni bila intaneti.

Kisha nenda tovuti ya NECTA. Pasti pepa unazijua. Walimu wengi hupita bila kuangalia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza huzitoa kwa kila somo. Humo kila swali limechambuliwa: wangapi walilijibu vizuri, walikosea wapi, na picha za majibu halisi ya watahiniwa, zuri na baya. Kwa maoni yangu taarifa hizo zina faida kwa mwanafunzi wa kidato cha nne kuliko kundi lolote la WhatsApp la mjini, ambako mara nyingi kinachozunguka ni majibu ya kubuni na uvumi wa mtihani kuvuja. Zipakue za miaka yote inayopatikana, masomo yote mnayofundisha. Kazi ya kupakua usiifanyie kilimani. Beba diski hadi wilayani, muombe Afisa TEHAMA wa halmashauri, au uende kwenye chuo chochote chenye intaneti nzuri, ukae siku moja au mbili. Nauli na posho ya siku hizo ni matumizi bora ya mchango wa wazazi kuliko bando la miezi miwili.

Hesabu ya viti nayo inasema jambo. Kompyuta 20, moja ikiwa seva na nyingine moja ikiwekwa akiba ya itakayoharibika, zinabaki 18. Wawili wawili ni wanafunzi 36 kwa kipindi. Ili wote 412 waguse kompyuta mara moja kwa wiki mnahitaji vipindi 12. Hilo linawezekana, lakini linaonyesha kwamba kinachowabana kwanza ni ratiba ya chumba. Megabaiti zinakuja baadaye. Ratiba iwekwe ndani ya saa za masomo. Chumba kikifunguliwa jioni kwa "atakayependa", watakaopenda ni wavulana, kwa sababu wasichana wakati huo wanachota maji na kupika. Mmeshaona nani anaazimwa simu ya baba nyumbani na nani haazimwi. Msiirudie hali hiyo shuleni.

Sitaki nikuuzie maktaba hii kama dawa ya kila kitu. Inazeeka, itabidi mtu aende kuijaza upya walau mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi mwenye swali ambalo mimi na wewe hatukulifikiria hatalipata jibu humo. Hatajifunza kutafuta, kupambanua taarifa ya kweli na ya uongo, wala kumwandikia mtu asiyemjua barua pepe ya adabu, na hizo ni stadi anazozihitaji. Ni hatua ya pili kwa ubora, na mnaichukua kwa sababu ya kwanza haijafika. Kiongozi yeyote asije akaitumia kama sababu ya kusema shule ile imeshatatuliwa tatizo.

Sasa dishi la mkuu. Hoja yake si ya kijinga. Setilaiti za zamani za mawasiliano ziko juu ya ikweta kwa zaidi ya kilomita 35,000, na safari hiyo ya kwenda na kurudi inachelewesha kila kitu kwa karibu nusu sekunde au zaidi. Setilaiti mpya za huduma ya Starlink ziko chini zaidi, kwenye kilomita 550 hivi, kwa hiyo zinajibu upesi na hazijali bonde wala mnara, ilimradi anga iwe wazi. Kenya huduma hiyo ilianza Julai 2023. Tatizo liko kwenye "kuna mtu anaweza kulileta". Huduma ya mawasiliano nchini inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na vifaa vyake vinahitaji idhini. Dishi lililosajiliwa nchi nyingine linaweza kuzimwa na kampuni yenyewe likigundulika limehama, na mali ya umma haipaswi kununuliwa kwa njia ya mtu wa pembeni. Mkuu aiandikie TCRA, aulize ni kampuni zipi za setilaiti zina leseni wakati huo, ashike jibu kwa maandishi. Kisha apige hesabu ya umeme: dishi la wati 75 likikaa saa 8 ni watisaa 600, ambazo ni nusu ya betri ya Ah 100 ya volti 12, na nusu hiyo ndiyo unayoruhusiwa kuitumia kwa betri ya kawaida ya asidi bila kuiua mapema. Juu ya hapo kuna malipo ya kila mwezi ambayo mchango wa mara moja hauwezi kuyabeba. Kama hakuna bajeti ya mwaka wa pili iliyoandikwa mahali, mimi nisingenunua.

Wazo la mwenyekiti linaweza kuokolewa kwa kulihamishia kilimani. Vipimo vyenu vya wiki vikionyesha mawimbi mazuri pale juu, panafungwa rauta ya nje yenye antena inayoelekezwa kwenye mnara, na redio mbili ndogo za waifai zinazotazamana, moja kilimani na moja kwenye paa la shule, zinashusha mtandao bondeni. Waya wa mtandao haufai kwa umbali huo, mwisho wake ni mita 100. Kilimani patahitaji paneli ndogo, betri, boksi lenye kufuli na mtu anayelala karibu. Mtandao huo uishie kwenye seva na kwenye chumba cha walimu kwanza, wanafunzi wauguse kwa vipindi maalumu mwalimu akiwepo. Laini iwe na bando dogo ambalo shule inaweza kulilipa hata mwaka mbaya.

Kuhusu pesa yenyewe, ningegawa hivi: sasa hivi nunueni diski, rauta ya ndani, na mlipie safari ya kupakua. Zilizobaki zikae benki mpaka vipimo vikamilike. Na kabla ya senti ya kwanza kukusanywa, kumbuka tangu 2016 tuko kwenye elimu bila ada. Mchango ni wa hiari, unapitia bodi ya shule na kibali cha halmashauri, na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakutoa. Wewe mwalimu wa somo usishike fedha hizo mkononi hata kwa siku moja. Kwa kifaa cha mara moja kama mlingoti na paneli, muulizeni pia mbunge kuhusu Mfuko wa Jimbo.

Lakini mnara ndiyo suluhisho la kweli, na mnara haujengwi kwa michango ya wazazi. Kampuni huangalia watu wangapi wako ndani ya eneo, wanatumia kiasi gani, na barabara na umeme wa kuhudumia mnara vitagharimu nini. Bonde lenye vijiji vilivyotawanyika linashindwa hesabu hiyo kila mara. Kwa ajili hiyo ulianzishwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa sheria ya mwaka 2006: unatoa ruzuku ili kampuni ikubali kujenga mahali ambapo isingejenga. Mei 2023 zilisainiwa kandarasi za minara 758 katika kata 713. Mwombe diwani aulize rasmi kama kata yenu imo, na kama imo, ujenzi umefikia wapi. Kama haimo, andikeni barua kupitia halmashauri, mkiambatanisha idadi ya watu wa kila kijiji, shule, zahanati, na jedwali la vipimo vya wiki nzima vya wanafunzi wako. Barua nyingi husema "hatuna mtandao". Yenu itasema ni wapi, saa ngapi na kwa kiwango gani, na hiyo ni vigumu kuiweka chini ya rundo.

Mambo mengine usiyafanye kwa maelezo ya kuandikiwa kama haya. Mlingoti juu ya kilima huko Rukwa ni mwaliko kwa radi, kwa hiyo mwite fundi mwenye sifa aweke njia ya kuipeleka ardhini kabla kifaa hakijafungwa, na mwanafunzi asipande mlingoti hata kama ni mwepesi kuliko walimu wote. Afisa TEHAMA wa wilaya aje mwenyewe kuona betri zenu zinabeba kiasi gani kabla ya kuongeza mzigo; betri za sola za shule nyingi zimeshachoka bila mtu kujua. Na siku wanafunzi watakapoanza kuingia mtandaoni, bango lenye namba 116 ya huduma kwa mtoto liwe ukutani mwa chumba cha kompyuta. Mtoto akikujia akisema kuna mtu anamtishia kwa picha au kumdai pesa mtandaoni, usifute chochote kwenye kifaa. Nenda naye, pamoja na mzazi au mlezi anayemwamini, hadi dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo.